Koti la Kanada

Nyeri Mjini,
Agosti 2025.

Kwa Baba yangu mpendwa, Ngatia,

Salamu nyingi zikufikie huko Endarasha, na zikukute umeketi mahali pa jua, kama jua limekumbuka kutoka. Mimi sijambo. Miguu inauma kidogo kwa kusimama, na kitanda kinanidai usingizi kama kawaida, lakini mwili ni mzima na roho iko mahali pake. Je, wewe hujambo? Lile goti la kushoto limetulia? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa, au bado anawatania? Na Tata Nduta, bado anakugombeza kwa kunywa chai bila kutafuna kitu? Msalimie sana dada yako, ila nakuomba, Baba, usimsomee barua hii mpaka uimalize wewe mwenyewe. Utaelewa kwa nini.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Jumapili nilipokupigia nilipaza sauti mpaka wagonjwa wakageuka kuniangalia. Nilikuuliza kama unameza dawa ya presha, nawe ukanijibu kwa furaha kwamba viazi vimenunuliwa vyote shambani. Mbula, nesi tunayefanya kazi naye, alicheka mpaka akashika ukuta. Aliniambia kwamba mzee akianza kusikia anachotaka, dawa yake ni kumwandikia, kwa maana macho hayana ujanja wa masikio. Basi nimechukua ushauri wake, na nimenunua karatasi nzuri zenye mistari.

Mzigo wako ulifika. Muchiri wa lori la maziwa aliuteremsha mwenyewe mpaka getini, blanketi mbili na lile koti. Kuhusu blanketi sina la kusema. Tangu nikiwa mtoto, ukisikia mtu ameugua, hata kabla ya kuuliza anaumwa na nini, wewe umeshafungua sanduku. Sijui kama unajua kwamba kijiji kizima kinakuita Mzee wa Blanketi. Lakini koti, Baba! Muchiri amenieleza yote. Ati ulimpeleka soko la mitumba Karatina, ukamvalisha yeye ili kupima urefu wangu, wamama wakiangalia, na ukamwapisha muuzaji kwamba litastahimili theluji ya Kanada. Ni zito, lina manyoya shingoni, na linanuka sabuni ya mtu nisiyemjua. Nililivaa nikajitazama kwenye kioo cha chumba cha wauguzi nikaona mtu anayekwenda mbali sana. Akaniambia pia kwamba kanisani wameshatangaza, na kwamba kuna beberu mweupe amefungwa nyuma ya nyumba akilishwa maganda ya viazi kwa ajili ya siku ya kuniaga.

Ni kuhusu Kanada ninakuandikia. Walinipa mpaka mwisho wa juma hili niwajibu kama nitaichukua nafasi yao. Wewe ulinipa baraka yako tangu Pasaka. Uliniita nyuma ya boma, penye upepo, tukageukia upande wa Mlima ingawa ulikuwa umejifunika mawingu, ukatema mate kidogo kifuani pako, kisha kwenye viganja vyangu, ukaniambia niyapake kifuani pangu. Ukasema safari ya Kanada iwe laini na mlango uwe wazi. Tata Nduta alinung'unika ati hayo ni mambo ya zamani na sisi tumeokoka, nawe ukamjibu kwamba mate hayajawahi kumzuia mtu kuingia mbinguni. Nilicheka siku ile, lakini niliyapaka, na niliondoka nikihisi kifua changu kimefungwa vizuri. Sijawahi kuanza jambo kubwa bila mate yako. Ndiyo maana barua hii ni ngumu.

Kwanza nikueleze masomo yenyewe, kwa sababu nasikia ukiulizwa kanisani unasema ninakwenda kusomea udaktari, na watu wanashangaa kama miaka hii yote nilikuwa nasomea ushonaji. Udaktari nilimaliza, na mbuzi tulikula. Kisha nikasomea ubingwa wa dharura, yaani kumpokea mtu aliyeletwa mlangoni na hakuna anayejua ana nini, na kumzuia asife wakati jibu linatafutwa. Baada ya ubingwa huo kuna mlango mwingine, sisi tunauita felowshipi. Ni mwaka mmoja au miwili ya kuchagua jambo moja tu ndani ya dharura, ulifuate mpaka likujue nawe ulijue.

Na mambo yenyewe ni mengi, Baba. Mwaka mzima nimekuwa nikiyaota, na ninaposema kuota sisemi usingizini. Nyuma ya chumba cha kufulia mashuka kuna ngazi za saruji ambako mimi hukaa na kikombe cha chai nikimaliza zamu ya asubuhi. Mashuka yanapepea, mvuke unatoka dirishani, na siku ambazo mawingu yana huruma, Mlima hujitokeza kidogo juu ya paa za mji halafu hujificha tena. Hapo kwenye ngazi nimeishi maisha ambayo sijayaishi.

Kuna ile mashine ya kuona ndani ya mwili, ile wanawake wajawazito hupimwa nayo. Siku hizi ni ndogo, inaingia mfukoni. Anita, tuliyesoma naye darasa moja, amekwenda Nairobi kuisomea hiyo tu, na anasema sasa akimwona mtu akitembea barabarani anauona moyo wake ukifunguka na kujifunga. Nilikaa kwenye ngazi nikajaribu maisha ya Anita. Watu wote wa Nyeri walipita mbele yangu wakiwa na mwanga ndani, wauza ndizi na mapolisi, na hakuna aliyeficha kitu. Ilikuwa nzuri kwa siku chache.

Kuna ubingwa wa sumu. Ule niliuota baada ya kupelekwa Mwea kufundisha wauguzi. Wakulima wa mpunga wanapiga dawa ya wadudu bila kujifunika, miguu ndani ya maji, na wengine wanaletwa wakitoa jasho na mate, mboni za macho zimekuwa nukta. Nilijiona nikiishi kule kwenye nyumba ndogo kando ya mfereji. Sisi watu wa miteremko hatujazoea nchi iliyolala. Kule Mwea anga liko juu na liko chini pia, ndani ya maji ya mpunga, na baiskeli zinapita katikati ya mawingu. Nilitaka kukaa hapo mpaka nizeeke.

Kuna wanaosomea watoto tu, lakini mimi mtoto akilia nami nalia, kwa hiyo hiyo niliiacha. Kuna wanaosomea magonjwa ya mlimani, wale wanaowapokea wapandaji walioteremshwa mapafu yakiwa yamejaa maji. Hiyo niliiota siku Mlima ulipokuwa wazi, na mawingu yaliporudi ndoto nayo ikaondoka.

Na juu ya zote ilikuwepo Kanada. Wagonjwa mahututi, miaka miwili, gharama zote juu ya hao watu wa Kanada. Hiyo ndiyo niliyoiota zaidi, na sitakudanganya, niliipenda. Niliona ukumbi mrefu wenye kuta za vioo, kila kitanda na mashine yake inayovuta pumzi kwa niaba ya mtu, na hakuna anayepiga kelele. Nje theluji ilianguka polepole, na katika ndoto yangu theluji hiyo ilikuwa na joto. Mara nyingine ulikuja kunitembelea ukiwa na kofia yako ya kijivu, wazungu wakakutengenezea chai nyepesi, ukainywa kwa heshima. Nilikuwa nikisikia maneno yako tangu utoto: "Mama yako alikufa kwa sababu Nyeri hakukuwa na mashine. Enda ujifunze mashine, Maitu." Unaniita mama yako kwa sababu nimebeba jina la mama yako, Wachuka, na mtu akiitwa hivyo na baba yake hawezi kulichukulia neno lake kwa wepesi.

Lilikuwepo somo moja la mwisho, ambalo sikuwahi kuliota hata mara moja. Ni la mambo yanayotokea kabla mgonjwa hajafika hospitali. Barabara, kwa kifupi. Namna ya kujibu simu ya mtu aliyechanganyikiwa, mahali pa kuegesha ambulensi, mambo ya kuwafundisha watu wa pikipiki, madereva na walimu. Chuo kimoja cha Nairobi kinalianzisha, na atakayelichukua ataishi hukuhuku, akizunguka miji ya Mlima, Nyeri, Karatina, Kerugoya mpaka Nanyuki. Mwalimu wangu, Daktari Omondi, alinitajia kwamba nalo lipo, jinsi mwenye nyumba anavyokuonyesha choo kilipo, kisha akarudi kwenye mazungumzo ya Kanada. Hakuna aliyekuwa ameliomba.

Sasa nikusimulie la Muchiri, kwa maana najua hajakwambia. Nilimwomba asikwambie mpaka mimi nikuandikie, na huyo kijana siri anaifungia kama maziwa.

Mwezi uliopita, ule ukungu ulipokuwa umelala siku nzima, simu yangu ililia alasiri. Alikuwa Muchiri. Nilifikiri ni mzigo mwingine wa blanketi. Akaniambia, "Daktari, niko na mwalimu hapa, ako na shida ya pumzi, kifua inalia. Wamemfunga vizuri na nimemlaza kwa kiti. Sasa nikimbie?" Mwalimu mwenyewe anaitwa Mwende, msichana kutoka Kitui anayefundisha huko kwenu, na ana pumu. Kazini kwake walipomwona amezidiwa walifanya kama watu wote wa baridi wanavyofanya. Walimlaza, wakamviringisha blanketi mpaka kidevuni, wakafunga madirisha, na lori la maziwa likawa ndilo gari la kwanza kupita. Mwalimu mwenzake, Barnabas, alikuwa amepanda naye.

Nilimwambia Muchiri asimame kwanza. Nikamwambia Barnabas amtoe blanketi kifuani, amkalishe, yeye akae nyuma yake ili mgongo wa Mwende uegemee kifua chake, na dirisha lifunguliwe. Barnabas akakataa. Ati baridi itamuua, na akifa watasema ni yeye. Nikamwambia kwamba nitasema ni mimi. Nikauliza kama Mwende ana dawa yake ya kuvuta. Barnabas akasema huenda iko kwenye mkoba, lakini yeye hawezi kufungua mkoba wa mwanamke ambaye si mke wake. Baba, nilipiga kelele kuliko zile ninazokupigia wewe. Mkoba ukafunguliwa, dawa ikapatikana chini ya chaki na leso, nami nikamfundisha kwa simu namna ya kumpa, avute, ashikilie, apumue, tena.

Nilikataa wakate simu. Nilikwenda nikasimama getini kwenye ukungu nikiwa na simu sikioni, Mbula akiwa nyuma yangu na mtungi wa oksijeni, na nikasikiliza safari yote. Nilisikia injini, nilisikia mitungi ya maziwa ikigongana nyuma, na katikati ya yote hayo kifua cha Mwende kikipiga filimbi. Nilikuwa nimefumba macho. Sikujua tena kama nimesimama Nyeri au niko ndani ya lile gari. Kisha Muchiri, kwa wema wake, akaniuliza kama filimbi ikinyamaza si itakuwa vizuri, si atakuwa amepata nafuu.

Mimi, daktari bingwa, nilishika chuma cha geti nikaacha swali lipite.

Walifika. Mwende alikuwa amekaa wima, ameegemea kifua cha Barnabas, midomo imebadilika rangi lakini filimbi bado inalia. Sijawahi kuifurahia sauti mbaya namna ile. Tulimpa oksijeni na dawa, na jioni alikuwa akimlalamikia Barnabas kwa kuuvuruga mkoba wake. Mimi nilikwenda kwenye ngazi zangu nyuma ya mashuka nikalia. Mbula alidhani ni njaa akaniletea kiazi kitamu. Nilikila huku nikilia, na nilijua kwamba ndoto zangu zote zimeniacha, moja baada ya nyingine, na limebaki lile somo moja ambalo sikuliota. Sikuliota kwa sababu nililiona nikiwa macho.

Baba, keti vizuri sasa. Kama umesimama, tafuta kiti.

Siku ile tuliyompeleka Mama, mimi sikuwa nimelala.

Wewe ulidhani nimelala, na watu wote walidhani hivyo. Nilikuwa sakafuni mwa ile pikapu ya Mzee Simeon, nimejikunja miguuni pa Mama, nimeshika kiatu chake. Ilikuwa alasiri yenye ukungu mzito, Mzee Simeon amewasha taa kama usiku. Wewe ulikuwa umempakata Mama mbele yako, mgongo wake kifuani pako, na ulikuwa umefungua dirisha. Mzee Simeon alikuwa akikukaripia kwamba umlaze na umfunike, nawe ukamjibu kwamba akikaa anapata hewa. Kifua cha Mama kilikuwa kikipiga filimbi. Nilikuwa naogopa filimbi ile, nikaiomba inyamaze. Kabla hatujafika Mweiga, ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu, Baba. Nilidhani Mama amepata usingizi mzuri.

Kisha nikakusikia wewe ukimsemesha. Ulimwambia habari za ndama, ukamwambia kabichi zitapata soko, ukamuuliza kama anasikia baridi, na ukajijibu mwenyewe kwa sauti ndogo. Uliendelea hivyo mpaka Nyeri. Mahali fulani ulininamia ukanigusa uso kuangalia kama nimelala, nami nikafumba macho kwa sababu nilifikiri unataka niwe nimelala. Ulipowaambia watu kwamba alifia hospitalini, kwa kukosa mashine, nilielewa polepole, mwaka baada ya mwaka. Ile ni barabara yetu ya kwenda kila mahali. Hukutaka mtoto wako aipite akijua pale ndipo mama yake alipoishia. Ukaniondolea kifo barabarani ukakipeleka hospitalini, na mimi nikakuacha unitunze hivyo, kwa sababu niliona inakusaidia kunitunza. Tumekaa na kitu hiki katikati yetu, kila mmoja akimfunika mwenzake.

Sasa ninakifunua, kwa sababu kuna jambo lazima ulisikie, na ulisikie kutoka kwa daktari. Nilikuwepo pia kwenye matanga. Nilimsikia Mzee Simeon akiwaambia wazee kwamba ungemlaza, ungemfunika, mkeo Wakiuru angefika, na kwamba wewe ulimkalisha mgonjwa penye upepo. Nilikuona ukiinamisha kichwa. Nilikuona juma lililofuata ukirudi nyumbani na blanketi ya kwanza. Tangu siku hiyo umefunika wagonjwa wa Endarasha nzima, na hakuna aliyewahi kukwambia ninachokwambia leo.

Ulifanya sawa. Kumkalisha, mgongo kifuani, dirisha wazi, sauti ya mtu anayempenda sikioni. Ndivyo tunavyofundisha. Ndivyo nilivyomwambia Barnabas neno kwa neno, na sikuyatoa kitabuni maneno yale, niliyatoa sakafuni mwa ile pikapu. Baridi haikumuua Mama. Mikono yako haikumuua. Wewe ndiwe uliyempa pumzi zote alizopata njiani. Alichokosa ni dawa ndogo ya kuvuta na mtungi mmoja wa oksijeni, na mtu wa kumkuta barabarani akiwa navyo. Mashine za Kanada zisingemfikia pale. Zingemngoja Nyeri, safi kabisa, zikiwa zimewashwa.

Basi nimewaandikia watu wa Kanada. Niliwaandikia Jumatatu, nikawashukuru, nikawaomba nafasi wampe mwingine. Kisha nikaenda kwa Daktari Omondi nikamwambia nimechagua barabara. Alivua miwani, akaniuliza kama najua kwamba mlango ule hautafunguliwa mara ya pili. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama baba yangu anajua. Hapo ndipo niliposhindwa kumwangalia.

Najua nimekuaibisha mbele ya kanisa. Najua umewasimulia watu theluji ambayo hujaiona. Na sitajifanya hainiumi. Kuna asubuhi bado naamka nikiwa kwenye ule ukumbi wa vioo, na nikifumbua macho nasikitika kidogo. Lakini ningekwenda kule ningejifunza kuwaokoa watu wanaofika, na mimi moyo wangu uko kwa wale ambao hawajafika, wale walio mahali kati ya Endarasha na Mweiga, ukungu umefunga, mtu amewapakata na hajui kama anafanya sawa. Nataka awepo mtu wa kumwambia.

Koti sirudishi. Masomo yanaanza mwezi wa kwanza, na ambulensi ya kwanza tumeiombea mahali pa kusimama palepale Mweiga, penye baridi, na nitalivaa nikiwa pale. Yule beberu naye asifunguliwe. Siku ya mafunzo ya kwanza nataka yafanyike Endarasha, kanisani kwenu, niwakusanye watu wa pikipiki, wa malori, na walimu, tuwafundishe tukiwalisha. Na nitahitaji mtu wa kuwaonyesha jinsi mgonjwa wa pumzi anavyopakatwa. Nimetafuta, Baba, sioni anayejua kuliko wewe.

Limebaki moja tu. Baraka niliyo nayo kifuani ni ya safari ya Kanada. Uliitaja kwa jina, na siwezi kwenda nayo mahali pengine kama mtu aliyepanda gari kwa tikiti ya mwenzake. Ningekuja mwenyewe, lakini nikikuangalia usoni nitaomba kabla hujafikiri, nawe utanipa kwa kunihurumia. Kwa hiyo nimeuacha upande wa nyuma wa karatasi hii ya mwisho bila kuandika kitu. Ukiwa umekasirika, mpe Muchiri karatasi ikiwa kavu, nitaelewa, na nitaendelea kukuita baba na kukupigia kelele kila Jumapili. Lakini kama umekubali, nenda nayo nyuma ya boma, penye upepo, ugeukie Mlima hata kama umejificha, uitemee mate kidogo, uikunje. Wino wa mistari hii utachujuka, na hapo nitajua. Kama daktari ningepaswa kukukataza kutema mate kwenye karatasi. Kama mama yako, nakuomba.

Msalimie Tata Nduta, sasa unaweza kumsomea. Msalimie Mzee Simeon pia, bila neno jingine. Salimia yule ng'ombe mweusi na umwambie asichelewe. Meza dawa ya presha asubuhi, baada ya kula. Keshokutwa lori la maziwa likifika Nyeri, nitakuwa getini nimevaa koti, nikingoja karatasi.

Ni mimi,
mwanao na mama yako,
Wachuka.